Kupima maji ya bomba Dodoma: sampuli ichukuliwe pale maji yanapoharibika

Ripoti ikisema asilimia 98 ya sampuli za maji zimefaulu, swali la kwanza liwe: zilichotwa wapi, na saa ngapi? Maji ya bomba hayaharibiki kila mahali kwa pamoja. Huharibika mwisho wa laini, kwenye mtaa uliokaa siku tatu mkavu, kwenye bomba lililopasuka kando ya mtaro, na katika saa ya kwanza baada ya vali ya mgao kufunguliwa. Mpimaji anayeegesha gari barabarani saa nne asubuhi, akachota kwenye koki zile zile tano zilizo karibu na tenki kuu, atapata majibu mazuri mwaka mzima na hatakuwa ameandika uongo hata mara moja. Lakini maji ya watu wa mwisho wa laini atakuwa hajayapima.

Dodoma jambo hili lina uzito wake. Mji unategemea sana visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji, pamoja na visima vilivyoongezwa baadaye kama vile vya Nzuguni. Haya ni maji ya ardhini. Yanatoka angavu, hayana tope, yana ugumu (kalsiamu na magnesiamu nyingi) na chumvichumvi, na yakiwa bado kisimani kwa kawaida bakteria ni wachache au hawapo. Uchafu wa hatari huyakuta njiani. Mvua za hapa ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na vipimo vya kina cha maji Makutupora vya zaidi ya miaka 50 vinaonyesha kwamba bonde hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama ule wa El Niño wa 1997/98. Kati ya misimu hiyo maji hupungua, mji nao unakua, ndipo mgao unapoingia.

Mgao kwa kawaida huhesabiwa kuwa tatizo la wingi wa maji. Mpimaji auone pia kuwa tatizo la ubora. Bomba lenye presha linavuja kwenda nje. Bomba tupu linavuta kuja ndani. Pale laini inapopita karibu na chemba ya choo, karo au dimbwi, kiungo kilicholegea ambacho jana kilikuwa kinapoteza maji leo kinaingiza majitaka. Maji yakirudi, yanasukuma uchafu huo wote hadi kwa mteja wa kwanza aliyefungua koki. Huyo mara nyingi ni mama aliyeamka saa kumi usiku kuwahi kujaza ndoo zake, na ndoo hizo ndizo familia itakazokunywa kwa siku mbili zijazo. Kwa hiyo sampuli ya saa kumi na moja alfajiri siku ya mgao inafundisha kuliko sampuli kumi za saa nne.

Kiwango kinasema nini, na kinasomwaje

Kiwango cha maji ya kunywa Tanzania ni TZS 789 cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambacho kimeoanishwa na kile cha Afrika Mashariki, EAS 12. Mamlaka za maji za mijini, DUWASA ya Dodoma ikiwa mojawapo, zinadhibitiwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ambayo huchapisha ripoti ya utendaji wao kila mwaka. Vijijini kuna RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, na chini yake vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Vyanzo vyenyewe viko chini ya bodi za mabonde; Makutupora ni sehemu ya bonde la Wami/Ruvu. Ni vizuri kulijua hilo, kwa sababu kisima kinapoanza kubadilika tabia, barua ya pili iende kwa bodi ya bonde.

Kiwango kina safu mbili ambazo watu huzichanganya: maji yaliyotibiwa, na maji ya asili yasiyotibiwa. Tofauti si ndogo. Tope: NTU 5 (kizio cha ukungu wa maji) kwa yaliyotibiwa, 25 kwa ya asili. Jumla ya madini yaliyoyeyuka: miligramu 700 kwa lita dhidi ya 1,500. Upitishaji umeme: mikrosimensi 1,500 kwa sentimita dhidi ya 2,500. Ugumu: miligramu 300 kwa lita dhidi ya 600. pH: 6.5 hadi 8.5 dhidi ya 5.5 hadi 9.5. Vingine havina safu mbili: floraidi 1.5, naitreti 45, kloraidi 250, zote kwa miligramu kwa lita, na E. coli (bakteria wa kinyesi) asionekane hata mmoja katika mililita 100. Sasa, kisima cha Dodoma chenye ugumu wa 420 kinafaulu katika safu ya maji ya asili na kufeli katika ile nyingine. Ripoti iandike mapema ni safu gani inatumika na kwa nini, kabla ya majibu kurudi. Maji yanayotiwa klorini na kuuzwa kwa mita ni maji yaliyotibiwa. Kuhamia safu ya pili baada ya kuona jibu baya ni kubadilisha goli mpira ukiwa umeshapigwa.

Floraidi ina mtego wake wa kihistoria. Zamani Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita. Sasa ni 1.5. Kwenye makabati ya ofisi nyingi za Singida, Manyoni na Dodoma vijijini huenda bado kuna vyeti vya visima vya enzi ile vilivyogongwa muhuri wa “yanafaa” kwa maji yenye, tuseme, 2.6 au 3.1. Vyeti hivyo visomwe upya. Maji hayajabadilika, kiwango ndicho kilichobadilika, na meno ya watoto wa kijiji hicho, yaliyotiwa madoa na floraidi, yanajua ukweli siku zote. Floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Kuchemsha kunapunguza maji na kuiacha yote ndani ya sufuria, hivyo inazidi kukolea. Mkaa wa mifupa unaiondoa, lakini huchoka. Bila kupima yanayotoka hujui umechoka lini.

Kwenye naitreti mtego ni kizio. Mashine nyingi za kupimia kwa rangi huonyesha naitreti kama naitrojeni. Ili kupata naitreti yenyewe zidisha kwa 4.43. Mashine ikisoma 12, na ikiwa hiyo ni naitrojeni, maji yana naitreti 53 na yamefeli. Ukiiandika 12 tu kwenye safu ya naitreti, yamefaulu kwa raha zote. Kosa hili halionekani kwa macho, linarudiwa mwaka hadi mwaka, na anayeumia ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo, kwa sababu naitreti nyingi huizuia damu yake isibebe oksijeni. Visima vifupi vya katikati ya makazi yenye vyoo vya shimo ndivyo vya kutazamwa kwanza. Dodoma mjini naitreti ya juu kwenye maji ya ardhini ilishahusishwa na majitaka tangu miaka ya 1990. Andika kizio kwenye kila namba, bila kuacha hata moja.

Sampuli ngapi, kwenye koki gani

Shirika la Afya Duniani lina hesabu rahisi ya idadi ya chini ya sampuli za bakteria kwa mtandao wa bomba. Watu 5,000 hadi 100,000: sampuli 12 kwa mwaka kwa kila watu 5,000. Zaidi ya 100,000 hadi 500,000: 12 kwa kila watu 10,000, ongeza 120. Zaidi ya 500,000: 12 kwa kila watu 50,000, ongeza 600. Mtandao unaohudumia watu 750,000 unahitaji basi 180 na 600, yaani sampuli 780 kwa mwaka, 65 kwa mwezi. Mji mdogo wa watu 20,000 unahitaji 48 kwa mwaka, nne kila mwezi. Mabaki ya klorini, yaani klorini inayobaki kwenye maji hadi kwa mteja, yanapimwa mara nyingi zaidi ya hapo, kwa sababu kipimo chake ni cha dakika tatu na bei yake ni kidonge kimoja.

Idadi ikishajulikana, igawe kwa kanda za mgao. Usiigawe kwa urahisi wa kufika. Chora kila kanda inayolishwa na tenki lake: kisima, tenki, laini kuu, katikati ya mtandao, mwisho wa laini. Theluthi moja ya sampuli iwe ya vituo vya kudumu, ili uweze kulinganisha Machi na Septemba. Theluthi nyingine iwe ya kuhamahama. Iliyobaki ifuate hatari: miisho ya laini, maeneo ya bondeni ambako presha hugeuka, mitaa iliyotengenezwa bomba wiki hiyo, magati, na maboza. Mgawo huu hautoki kwenye sheria yoyote; ni mapendekezo yetu, na unaweza kuubadili ukiwa na sababu iliyoandikwa.

Koki ya kuchotea lazima iwe kabla ya tenki la mteja. Nyumba nyingi za Dodoma zina simtank juu ya mnara, na koki ya jikoni inatoa maji yaliyokaa humo siku nne juani. Ukichota hapo unapima usafi wa tenki la mwenye nyumba. Fuata bomba kutoka kwenye mita. Mara nyingi kuna koki ya bustani kabla ya bomba kupanda juu. Ikiwa hakuna, chota na uandike wazi “baada ya tenki la mteja”, na jibu hilo lisihesabiwe kwenye asilimia ya mamlaka. Lisitupwe pia. Mteja aambiwe.

Klorini kwanza

Jibu la bakteria hurudi kesho. Klorini inakujibu sasa hivi, ukiwa umesimama hapo hapo. Kwa hiyo ndiyo inayoongoza kazi ya siku: koki yenye mabaki chini ya miligramu 0.2 kwa lita ndiyo inayostahili chupa ya bakteria.

Kiwango kinataka klorini huru, yaani ambayo bado haijafungamana na kitu kingine, ya 0.2 hadi 0.5 kwa mteja. Suuza chupa ya kipimo kwa maji yenyewe, jaza mililita 10, weka kidonge cha DPD namba 1 (dawa inayogeuka waridi ikikuta klorini), ponda, koroga, soma ndani ya dakika moja. Ukichelewa, klorini iliyokwisha kufungamana na vitu vingine pia inaanza kutoa rangi, na utaandika klorini huru ambayo haipo. Ukitaka jumla, ongeza namba 3 kwenye maji yale yale na usubiri dakika mbili. Usishike kidonge kwa vidole. Usisome kwenye jua kali. Vidonge na dawa za DPD zisikae kwenye dashibodi ya gari; joto la Oktoba linaziharibu kabla hazijafikia tarehe ya mwisho, na dalili ni kidonge chenye wekundu kabla hakijaguswa na maji.

Kuna kosa moja ambalo limewahi kufanya watu waongeze dawa kwenye maji yaliyozidi dawa. Klorini ikiwa nyingi mno, rangi ya waridi inatokea kufumba na kufumbua kisha inapauka, na mashine inasoma sifuri. Ukihisi harufu ya klorini na kipimo kinasema hakuna, changanya mililita 1 ya maji na 9 za maji yaliyotoneshwa, pima tena, zidisha kwa 10. Upande mwingine, manganizi (madini ya baadhi ya visima) ikishaoksidishwa na klorini hutoa rangi ya DPD hata kama klorini yenyewe imeisha. Kwa kisima chenye manganizi, pima pia sampuli ya maji yaliyotiwa dawa ambayo klorini yake imezimwa kwanza kwa kemikali ambayo maabara itakuelekeza: ikitokea rangi, hiyo ndiyo namba ya kutoa.

Andika pH kando ya kila namba ya klorini. Kwenye pH 7.5 karibu nusu ya klorini huru iko katika umbo linaloua bakteria kwa nguvu, kwenye 8.5 ni kama sehemu moja kati ya kumi. Maji yenye 0.3 kwa pH 7.2 na yenye 0.3 kwa pH 8.4 hayana ulinzi sawa, ingawa kwenye jedwali yanafanana.

Chupa ya bakteria

Chupa ya kemia husuuzwa mara tatu kwa maji yanayopimwa. Chupa ya bakteria haisuuzwi kamwe. Ndani yake kuna thayosalfeti, mililita 0.1 ya myeyusho wa asilimia 3 kwa chupa ya mililita 120, ya kuizima klorini hadi miligramu 5 hivi kwa lita. Ukiisuuza umeimwaga. Bila thayosalfeti klorini inaendelea kuua njiani kutoka Mkonze hadi maabara, na chupa inafika safi ikiwa na habari ambayo haikuwa ya bombani. Majibu safi ya namna hii ndiyo mabaya kuliko yote, maana hakuna atakayeyatilia shaka.

Toa mpira au kitambaa kilichofungwa mdomoni mwa koki. Koki ya chuma ichomwe moto hadi maji ya kwanza yachemke yakitoka. Ya plastiki ipakwe spiriti au maji ya klorini kali na iachwe dakika mbili. Fungua maji yatiririke dakika mbili hadi tatu, punguza, shika kifuniko mkononi mdomo wake ukitazama chini, jaza na uache nafasi ya hewa ya sentimita mbili na nusu ili maabara iweze kutikisa. Kwenye uchunguzi wa mgao utaratibu hubadilika kidogo: chukua chupa ya kwanza mara tu maji yanapoanza kutoka, ya pili baada ya dakika 10, ya tatu baada ya nusu saa. Andika saa kwenye kila chupa. Zikitofautiana, umepata dakika za kuwaambia wateja wamwage maji au wayatumie kufulia kabla ya kujaza ndoo za kunywa. Ushauri huo ukitolewa bila kipimo, hakuna anayejua kama ni dakika tano au arobaini.

Chupa ziende kwenye sanduku la barafu, gizani, chini ya nyuzi 10, ndani ya mfuko ili maji ya barafu iliyoyeyuka yasiguse vifuniko. Zisigande. Zipimwe ndani ya saa 6, na kwa vyovyote zisivuke 24. Kwa Kondoa au Mpwapwa, ambako kuifikia maabara ya mjini kunakula nusu ya muda huo, kifaa cha kubebeka kinafaa kuliko kukimbiza gari.

Kuchuja: mililita 100 kupitia kichujio cha matundu ya mikrometa 0.45, kisha kichujio kwenye sahani yenye chakula cha bakteria. Kwa chakula cha lauri salfeti, ziache sahani saa moja hadi nne kwenye joto la kawaida ili bakteria waliodhoofishwa na klorini wapate nguvu, halafu nyuzi 44 kwa saa 14 hadi 18. Hesabu koloni (vidoa vya bakteria waliozaliana) za njano za milimita 1 hadi 3, uzihesabu mara tu sahani zinapotoka, kwa sababu rangi hubadilika zikipoa. Njia hii inaonyesha koliformu za kinyesi, usiandike E. coli bila kipimo cha kuthibitisha. Kwa kifaa cha kubebeka, kikombe cha kuchujia husafishwa kwa kuchoma mililita moja hivi ya methanoli na kufunika kwa dakika 15, maana mvuke wa fomaldehaidi ndio unaoua. Spiriti ya kawaida ya ethanoli inawaka vizuri na haitoi mvuke huo. Wengi hubadilisha methanoli ikiisha, na kuanzia hapo kila sahani ina uchafu wa sahani iliyotangulia.

Kila siku ya kazi chuja maji tasa mililita 100 kama sampuli ya kwanza, na katika kila sampuli kumi moja ipimwe mara mbili. Maji tasa yakiota koloni, majibu yote ya siku hiyo yanafutwa, hata yale mazuri. Na umeme: ukikatika saa saba usiku inkubeta (kabati la kutunza joto la sahani) ikashuka hadi nyuzi 35, asubuhi kutakuwa na kila aina ya mdudu kwenye sahani. Weka kipimajoto kinachoshika joto la chini na la juu kabisa, unganisha betri ya volti 12.

Namba za dawa zinazofeli

Sampuli nyingi mbaya chanzo chake ni chumba cha klorini. HTH (unga wa klorini) ya asilimia 65: kwa kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita, mita za ujazo 1,000 zinahitaji kilo 1.5 za klorini, yaani kilo 2.3 za unga. Myeyusho wa asilimia 1 hutengenezwa kwa gramu 15.4 za unga katika kila lita. Pampu ya mita za ujazo 20 kwa saa itahitaji lita 3 za myeyusho huo kwa saa. Fanya hesabu hii kwa matumizi ya mwezi mzima na ulinganishe na ndoo za dawa zilizotoka stoo. Zikipishana sana, kuna siku maji yalikwenda bila dawa, haijalishi daftari la zamu linasema nini.

Maji magumu ya hapa huleta tabu yake. Ukichanganya HTH na maji yenye kalsiamu nyingi, mashapo meupe yanashuka. Acha yatuame usiku kucha, tumia maji ya juu tu. La sivyo ncha ya kudungia dawa inaziba kwa chokaa, pampu ya dawa inanguruma kama kawaida na hakuna kinachoingia. Ncha isafishwe kila wiki kwa siki au asidi hafifu, baada ya kuisuuza kwa maji mengi. Asidi ikikutana na HTH hutoa gesi ya klorini, na vyumba hivi mara nyingi vina dirisha moja dogo. Ndoo iliyofunguliwa hupoteza nguvu kwenye stoo ya bati. Andika tarehe ya kufungua juu yake.

Umeme tena. Dawa ya kudondoka kwa mvuto wenyewe haijui kwamba pampu ya kisima imezimika. Inaendelea kudondoka kwenye bomba lililosimama, na umeme ukirudi mteja wa kwanza anapata maji yanayonuka kama bwawa la kuogelea. Kinyume chake ni pampu ya dawa inayohitaji kuwashwa kwa mkono: kisima kinajiwasha usiku, dawa inasubiri mtu wa zamu wa asubuhi. Waya mmoja unaofungamanisha mashine mbili hizo unamaliza yote mawili. Chunguza pia walioungwa kwenye bomba la kupandishia maji, kabla ya tenki. Klorini inahitaji angalau dakika 30 ndani ya maji, na hao wanayapata kwa dakika tatu.

Bomba jipya au lililotengenezwa nalo litiwe dawa kabla ya kufunguliwa: miligramu 25 kwa lita kwa saa 24, na mwishoni zibaki si chini ya 10. Bomba la milimita 100 lenye urefu wa mita 500 linabeba karibu mita za ujazo 4, kwa hiyo gramu 150 hivi za HTH zinatosha. Gramu 150 ni kiganja kimoja na nusu. Hakuna sababu ya kuliruka.

Kipindupindu kikiwepo, mabaki ya klorini yapande: miligramu 0.5 kwa lita mwisho wa laini, 1.0 kwenye magati, na 2.0 kwenye boza linapojazwa.

Sampuli ikifeli

Usisubiri barua. Siku hiyo hiyo rudi kwenye koki ile ile, kwa saa ile ile kama ulichota siku ya mgao, na uchote nyingine moja juu yake na moja chini yake kwenye laini. Pima klorini kwenye zote tatu kabla hujaondoka. Klorini ikiwa nzuri juu na sifuri kwenye koki iliyofeli, kuna kitu kimeingia kati yao. Tembea kwenye laini kwa miguu ukitafuta udongo mbichi, nyasi za kijani wakati wa kiangazi, muungo wa wizi unaopita mtaroni. Ikiwa sifuri kote, rudi tenkini. Safisha laini, ongeza dawa, mjulishe afisa afya wa kata, waambie wakazi wachemshe maji, na uendelee kupima hadi sampuli mbili mfululizo ziwe safi. Tangazo liwafikie wakazi kwa njia wanayoisikia, kipaza sauti cha gari au mwenyekiti wa mtaa, na lieleze ni mitaa gani.

Kwenye ripoti, jedwali livunjwe kwa kanda. Chukua mfano wa sampuli 60: 40 za karibu na matenki zote safi, 20 za miisho ya laini nne zikafeli. Ukizijumlisha unapata asilimia 93. Miisho ya laini peke yake ina asilimia 80, na huko ndiko wanakoishi watu ambao namba ya kwanza imewafuta. Hata zingefaulu zote 60, hesabu ya takwimu inakuruhusu kusema tu kwamba huenda zinazofeli hazizidi asilimia 5. Weka safu ya saa, safu ya siku ngapi tangu maji yakatike, klorini na pH kando ya kila jibu la bakteria. Na sampuli ya marudio iliyofaulu iandikwe mstari wa chini yake, ikiwa na tarehe yake. Ile iliyofeli ibaki mahali pake, na ihesabiwe.